Njia ya Kwahiari

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa boma la Lushoto aliniuliza kesi yangu inahusu nini. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sanduku la bati kichwani, na viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu yangu wa Magamba vikinibana. Nikamjibu kwamba sina kesi, nimekuja kazini. Akanitazama juu hadi chini, akasema anayekuja boma bila kesi basi amekuja kulipa faini, akanionyesha dirisha la mhasibu. Nilipanga foleni pale mpaka Afisa Maendeleo wa Wilaya alipopita na kuuliza kwa nini Bibi Maendeleo wake mpya analipa faini kabla hajafanya kosa.

Ninawaandikia vijana wa Lushoto mnaowaongoza wanafunzi wa ng'ambo wanaokuja kujitolea huku kwetu. Nawaona mnapita na wageni wenu, mna simu, mna filimbi, mna fulana za rangi moja, na mnatembea kama watu walioivumbua kazi hiyo. Hongereni. Lakini kabla yenu tulikuwepo wengine, na hatukuwa na filimbi.

Bibi Maendeleo lilikuwa jina la cheo, hata kama mwenye cheo ni msichana ambaye hajaolewa. Kazi yetu iliitwa kuhamasisha. Maana yake ni kuwaambia watu wafanye jambo ambalo wanajua tangu zamani kwamba linafaa, ila wanangoja apatikane mtu wa kumlaumu likiharibika. Afisa Maendeleo wa Wilaya, mzee wa Kibondei mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi, alinipa somo moja tu asubuhi ile, nami nimelibeba mpaka leo.

“Binti yangu,” alisema, “neno likiwa mdomoni mwako ni lako. Likishafika sikioni mwa mtu ni lake, naye atalifanyia apendavyo.”

Nilidhani ni maneno ya wazee. Nikasema ndiyo mzee, nikaomba kuonyeshwa meza yangu. Hapakuwa na meza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kwai. Nilitumwa kuwafundisha akina mama utunzaji wa maziwa, akina mama waliokuwa wakikamua ng'ombe kabla mama yangu hajazaliwa. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakanipa maziwa kwa sababu, walisema, nimekonda. Kutoka hapo nikapelekwa Magamba, kwenye madarasa ya kisomo, yaani elimu ya watu wazima, kwa wafanyakazi wa msituni. Hao walikuwa wakisinzia kuanzia herufi ya tatu. Halafu nikahamishiwa upande wa Rangwi, na huko ndiko yaliponikuta ninayotaka kuwasimulia.

Zilikuwa siku za Ujamaa na kujitegemea, na Mkuu wa Wilaya wakati huo alikuwa mtu aliyetoka jeshini. Hakuwa akizungumza, alikuwa akitoa amri hata anapoomba chumvi. Aliniita ofisini akaniambia kwamba wanafunzi wa chuo kikuu kutoka nchi moja ya baridi wanakuja kuchimba mtaro wa maji katika kijiji cha Kwemgogo, juu ya Rangwi, na kwamba mimi ndiye nitakayewaongoza pamoja na mwalimu wao. Nikauliza kama wanalipwa. Akasema hawalipwi, na nauli wamejilipia wenyewe. Nikauliza kwa nini. Akasema hilo si swali la Bibi Maendeleo.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji ya mserereko. Hayo ni maji yanayoteremka yenyewe kutoka kwenye chanzo kilicho juu, bila mashine, mradi bomba lilazwe kwenye mtaro wenye kina cha kiunoni. Mabomba yalikuwa Tanga, yakingoja, na kijiji kingine kilikuwa kikiyatamani vilevile. Mhandisi wa Maji, mtu wa maneno machache, alilimaliza jambo hilo kwa sentensi moja: mtaro utakaotangulia kufika ndio utakaopata mabomba. Masika yakianza kabla, udongo utabomoka na kazi yote itakuwa bure. Akina mama wa Kwemgogo walikuwa wakiteremka bondeni na kupanda tena na ndoo, na kwetu mlima si mapambo.

“Ukishindwa,” Mkuu wa Wilaya aliniambia, “nakupeleka nyika.”

Kwetu Wasambaa dunia ina pande mbili: huku milimani, na nyika. Nyika ni kule chini kwenye joto na mbu. Wenyeji wake wanisamehe, lakini mama yangu alikuwa akilitaja neno hilo kutuogopesha tulipokataa kula. Nikatoka ofisini huku naona mbu.

Wanafunzi walifika Lushoto bila mwalimu wao. Malaria ilimwangusha Mombo hata mlima hajaupanda, akabaki hospitalini, akaniachia vijana kumi na wawili kwa ujumbe kwamba ni watoto wazuri. Ili wasipotee safarini alikuwa amewashonea kaptula za kaki na mashati yanayofanana, na kila shati lina namba mgongoni. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kati, na chao hakikuwa cha kwao pia, kwa hiyo tulikuwa tukikutana katikati na wote tumechoka. Mmoja tu ndiye aliyejua Kiswahili. Alikuwa mrefu, pua imebambuka kwa jua, jina lake lilianza na herufi tatu zisizo na irabu, nasi tukamwita Petro. Alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni kipindi chote cha baridi, na alikipenda kama mtu anavyopenda baiskeli mpya. Hakutaka mtu mwingine aishike.

Tulipofika Kwemgogo kijiji kizima kilikuwa uwanjani pa shule. Mkuu wa Wilaya alikuwa ameniagiza choo kikaguliwe kabla ya mambo mengine, kwa hiyo nikaenda nyuma ya shule na mke wa Mwenyekiti wa kijiji kukagua choo. Niliporudi, Petro alikuwa amekwisha kuhutubia. Uwanja ulikuwa kimya. Mzee mmoja alikuwa amevua kofia. Nikadhani hotuba imewagusa.

Siku ya pili tukaanza msaragambo. Neno hilo tumelichukua kwa majirani zetu Wapare, na ni kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila kaya na kipande chake. Nilipanga vigingi vya mti, nikavuta kamba, nikagawa vipande, nikawaweka wanafunzi katikati na wanakijiji pande mbili. Wanafunzi walikuja na sururu zao wakiimba. Wanakijiji hawakuja. Niliwaendea mabalozi wa nyumba kumi kumi, na kila mmoja alikuwa na msiba, au mguu, au mbuzi.

Siku zilizofuata zikawa hivyohivyo. Wanafunzi walichimba peke yao, na kwa mikono ile iliyozoea kalamu waliendelea kwa mwendo wa konokono aliyefiwa. Watu walikuwa wakipita juu ya mtaro, wanasimama, wanatikisa vichwa, wanaondoka. Akina mama walikuwa wakiwaletea ndizi na kuzitupia mtaroni kwa haraka bila kusogea karibu. Vijana wa mgambo walikuwa wakilizunguka darasa walimolala wageni, fimbo mikononi. Wanafunzi walifurahi mno, wakasema hawajawahi kuona ukarimu kama huo, wanalindwa dhidi ya chui. Mimi nilihutubia juu ya kujitegemea mpaka sauti ikakauka. Watu walinipigia makofi, wakaenda zao.

Kilichofumbua jambo lenyewe ni kinyonga. Petro alikuwa amesikia kwamba misitu yetu ina vinyonga wenye pembe, na jioni moja baada ya kazi akateremka peke yake kuwatafuta. Kidogo nikasikia mayowe. Mgambo wote walikuwa mbioni, na nyuma yao nusu ya kijiji. Walimkuta kwenye mgomba, lakini hawakuweza kumkamata, kwa sababu alikuwa na kinyonga mkononi, na huku kwetu hakuna mwanamume anayemsogelea kinyonga hata akiwa na bunduki. Basi wakamleta wakiwa wamemzunguka kwa mbali, fimbo zimenyooshwa, naye katikati anawaonyesha pembe kwa furaha. Mwenyekiti wa kijiji alinijia mbio.

“Bibi Maendeleo,” alisema, “mfungwa wako amejaribu kutoroka. Akitupotea, nani atafungwa badala yake?”

Nikamuuliza mfungwa gani. Akanitazama kwa huruma, akanieleza alichosema Petro siku ile nikiwa chooni. Alisimama mbele ya watu akasema: Ndugu wananchi, sisi tumefungwa miezi miwili, na tumekuja kwenu kujitoa.

Nilikaa chini. Maskini alitaka kusema kwamba chuo kimefungwa miezi miwili, nao wamekuja kujitolea. Vitabuni hizo ni silabi chache tu. Uwanjani Kwemgogo ilikuwa ni kundi la wafungwa wenye namba mgongoni, wanaotangaza mchana kweupe kwamba wana mpango wa kujitoa kifungoni. Na mimi ninayewahesabu asubuhi na jioni nilikuwa nyapara wao.

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kishambaa, nikaeleza mpaka jua likazama. Aliyenijibu alikuwa Bibi Zaina, mwanamke mzee kuliko wote kijijini, ambaye nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaro. Kila siku alikuwa akimpelekea msichana mmoja wa wale wanafunzi mahindi ya kuchoma.

“Mwanangu,” alinijibu, “mtu huchimba kwao. Anayechimba kwa watu bila malipo ni mfungwa, tuliwaona tangu Mjerumani. Wewe ni mkuu wao, utasema nini kingine? Ila niambie, yule msichana aliiba nini? Maana anakula vizuri, hana uso wa mwizi.”

Na kuna jambo aliloongeza Mwenyekiti, nalo ndilo lililoniuma. Alisema watu wa Kwemgogo hawakatai kuchimba maji yao. Wanakataa kuchimba mtaro mmoja na wafungwa, mjukuu asije akapita akadhani na babu yake alikuwa na namba. Wingu la masika lilikuwa limekwisha kukaa juu ya msitu, na kile kijiji kingine, nilisikia, kilikuwa kimebakiza kidogo.

Asubuhi yake niliitisha mkutano, nikawapanga wanafunzi mbele, mikoba mgongoni. Nikamwamuru kamanda wa mgambo awaweke vijana wake chini, wakakaa. Kisha nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili kila mtu asikie, kwamba mfungwa ukimfungulia mlango huondoka harudi, na mtu huru huenda na kurudi. Nikawageukia wanafunzi, nikaonyesha barabara ya Lushoto.

“Mlango uko wazi,” nikasema. “Nendeni. Na mkirudi, rudini kwa hiari.”

Petro alisikiliza kwa makini, akawatafsiria wenzake. Wakaonekana kupendezwa. Mmoja akajaza chupa ya maji, mwingine akatoa ramani. Hilo la ramani lilinishangaza kidogo. Wakaondoka wanaimba, wakakata kona ya mikaratusi, wakapotea machoni. Tukakaa kuwangoja.

Nilidhani watafika konani, watacheka, watarudi. Jua likapanda. Watu wakahamia kivulini. Kamanda wa mgambo akaniuliza kama si busara kutuma mtu akachungulie tu, nikamwambia atakayewafuata atapita juu yangu kwanza. Nilisema hivyo kwa ukali kwa sababu nilikuwa naogopa. Niliwaona wako Lushoto wanapanda basi, nikayaona mabomba yanapita kwenda kwa wengine, nikauona uso wa Mkuu wa Wilaya, na nyuma yake nyika yote imetandazwa hadi baharini. Adhuhuri ikapita. Hakuna aliyeondoka uwanjani, maana kila mtu alitaka kuona nitalia saa ngapi. Bibi Zaina alikuja akakaa kando yangu, akaniwekea mkono gotini.

Akaniambia taratibu, “Usijilaumu. Hata mimi ningekwenda.”

Kijiji kizima kilikuwa kinatazama kona ya mikaratusi wakati kelele ziliposikika nyuma yetu. Walitokea upande wa juu, msituni, wamelowa kwa mvua ya huko juu, matope hadi mapajani, mmoja ana kiatu kimoja, na yule msichana wa mahindi amekumbatia kabichi ambayo mtu alimpa njiani. Petro alikuja moja kwa moja mbele yangu. Alikuwa karibu kulia.

“Shikamoo Bibi Maendeleo,” alisema. “Tunaomba samahani sana. Tumeitafuta Kwahiari kila mahali. Hatujaiona.”

Nikamuuliza Kwahiari ipi. Akakunjua ramani. Alikuwa ameweka alama kwenye Kwai, na kwenye Kwemgogo, na katika vijiji vyote vinavyoanza hivyo, na Kwahiari haikuwemo. Alisema wamewauliza watu njiani, tunapita wapi turudi Kwahiari. Mzee mmoja aliwaambia ni mbali, baada ya Magamba. Mwingine, labda akidhani ni hiari ya ndoa, aliwauliza nani kati yao anaoa. Wakaona saa zinakwenda na mtaro unawangoja, wakaamua warudi hivyohivyo, bila Kwahiari, ingawa wanajua wamevunja agizo langu. Akauliza kama nitawaruhusu kuchimba.

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu Bibi Zaina akaanza, tumbo likitikisika, kanga mdomoni, na baada yake uwanja mzima ukaanguka. Mwenyekiti alijishika kwenye mlingoti wa bendera. Kamanda wa mgambo alikuwa amelala chali. Wanafunzi nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, na hilo likatuongezea.

Bibi Zaina alipopata pumzi alisimama, akatoa hukumu.

“Hawa si wafungwa. Hawa ni wendawazimu. Mtu kafunguliwa mlango, kashinda msituni na mvua, halafu anarudi kuomba jembe? Mfungwa ana serikali yake. Mwendawazimu ni mtoto wa kila mtu, haachwi akachimba peke yake.”

Kesho yake walikuja wote. Walikuja wenye misiba, wenye miguu na wenye mbuzi, na majembe na makarai, na kila kaya ikajichagulia mwendawazimu wake wa kumwangalia asijikate. Kamanda wa mgambo alimchukua Petro, wakachimba pamoja na kutukanana kirafiki kama watani. Mashati ya namba yaligeuzwa ndani nje, kwa amri ya Bibi Zaina. Mtaro ulifika mwisho ukiutangulia ule wa kijiji kingine, mvua ya masika ikiwa ndiyo kwanza imeanza kudondoka, na Mhandisi wa Maji alikuja, akaupima kina kwa kiuno chake mwenyewe, akasema neno moja: leteni. Mabomba yakaja.

Siku ya ufunguzi Mkuu wa Wilaya alifungua bomba mbele ya nyumba ya Bibi Zaina, na maji yakatema matope, yakakohoa, yakatoka meupe. Wanawake walipiga vigelegele, nami nililia, na sasa hakuna aliyekuwa akisubiri kuona. Mkuu wa Wilaya aliuliza mahali pale panaitwaje. Mwenyekiti akajibu bila kupepesa macho: Kwahiari, mheshimiwa. Mkuu wa Wilaya akatoa leso. Alisema amezunguka wilaya nzima akihubiri siasa, hajaona kijiji kilichoielewa kama hiki.

Alifurahi kiasi kwamba alinipandisha cheo papo hapo. Alisema kipaji kama changu kisifungiwe mlimani. Akanipeleka nyika.

Nilifanya kazi huko chini miaka mingi, chini ya maafisa wengi, na mbu walikuwa kama mama alivyosema, ila watu walikuwa wazuri kuliko alivyosema. Nilichimba mitaro mingine. Sikuruhusu tena mtu ahutubie nikiwa chooni. Yule Afisa Maendeleo wangu wa kwanza alikuwa amekwisha kufariki nilipostaafu, na ningependa kumwambia kwamba alisema kweli juu ya neno na sikio, ila alisahau kuongeza kwamba mara mojamoja sikio hulitendea neno vizuri kuliko mdomo.

Nilipostaafu wanangu waliniuliza nataka nijengewe wapi. Nilichagua mwenyewe. Nyumba yangu iko mwisho wa ule mtaro, hatua chache kutoka kwenye bomba, na maji bado yanateremka yenyewe, isipokuwa siku yanapogoma.

Mwezi uliopita mmoja wenu alipita hapa na kundi lake. Nilikuwa uani nachambua maharage, nikamsikia anawaambia wageni kwamba mahali hapa pamepewa jina la mzee Hiari, mkulima mashuhuri wa zamani aliyetoa ardhi yake. Alisema vizuri sana, na miaka ya mzee huyo alikuwa nayo. Sikumkatiza. Lakini msichana mmoja wa kundi alisogea ukutani, akaniamkia shikamoo kwa kituo, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akauliza: Bibi, ulimjua mzee Hiari?

Nikamwambia nilimjua. Nikamwambia alikuwa mtu mrefu, pua imebambuka, aliyepatafuta mahali hapa kutwa nzima kwenye mvua, kabla hapajakuwepo.